Nyota Mbili kwa Ofisi ya Kupeleka Watoto Ng'ambo

Nilikuwa mhasibu wa shule ya upili kwa miaka 26, kwa hivyo nianze na risiti. Ninazo nne. Ya kwanza ni ya shilingi 3,000, "ushauri". Ya pili 15,000, "kufungua faili". Ya tatu 8,000, "uthibitishaji wa vyeti". Ya nne haina maelezo yoyote, imeandikwa 2,500 tu na sahihi inayofanana na mdudu aliyekanyagwa. Jumla 28,500, nilizolipa kati ya Januari na Machi 2025 kwa ofisi moja ya ghorofa ya tatu katikati ya mji wa Kisumu, ambayo kazi yake ni kuwatafutia watoto wetu vyuo vya ng'ambo. Jina silitaji kwa sababu bado tunadaiana. Na hata ningelitaja lisingekusaidia sana, maana mabango ya ofisi hizi yote ni mamoja: mtoto mwenye joho anacheka, bendera tatu, namba ya WhatsApp.

Huku kwetu ukitaja ajenti wa ng'ambo watu wanashika mifuko. Mwaka 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa kupitia mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kusomesha vijana Ufini na Kanada. Mama watoto alinikumbusha habari hiyo asubuhi tuliyotoka, nikiwa nimeshavaa koti. Nikamwambia ndiyo sababu naenda mwenyewe na daftari.

Binti yangu ana shahada ya sayansi ya mazingira ya Chuo Kikuu cha Maseno, daraja la pili la juu, na miaka miwili ya kazi za mkataba zinazoisha kila unapoanza kuzizoea. Alitaka shahada ya uzamili katika usimamizi wa maji. Mtu aliyekulia Kisumu, akaona gugumaji likifunga ufuo hadi boti za Dunga zikashindwa kutoka, hahitaji kuelezwa kwa nini somo hilo.

Mapokezi, nitawapa haki yao, ni mazuri kuliko ya benki yangu. Msichana wa mezani alinisalimu "Oyawore, baba", akaona najikwaa kujibu, akageukia Kiswahili bila kunifanya nijione mgeni. (Mimi Mmaragoli. Nimekaa Migosi miaka 19 na Kijaluo changu bado ni cha kununulia samaki.) Viti ni laini, maji ya kunywa yapo, feni inafanya kazi, na anayeijua Februari ya Kisumu anajua uzito wa feni inayofanya kazi. Nyota ya kwanza ni ya hapo.

Kijana aliyetuhudumia alikuwa na tai nyekundu na maneno yasiyo na kituo, kama kondakta wa Kondele. Alitufungulia orodha ya vyuo 11. Saba vya Uingereza, viwili vya Kanada, kimoja cha Australia, na kimoja cha Berlin, cha kibinafsi, karo euro 12,000 kwa mwaka. Binti yangu akauliza kuhusu vyuo vya umma vya Ujerumani, ambako alikuwa amesikia hakuna karo. Kijana akatabasamu kwa huruma. "Ujerumani ni ngumu, dada. Wanataka Kijerumani, na viza hawapeani."

Nikauliza swali ambalo mhasibu yeyote angeuliza: nyinyi mnalipwa na nani?

"Baba, sisi tunalipwa na furaha ya mteja."

Niliandika jibu hilo kwenye daftari neno kwa neno, nikaweka na tarehe.

Nilikuja kuelewa baadaye, na si siri, ila wao hawaitamki. Vyuo vingi vya Uingereza, Kanada na Australia humlipa ajenti kamisheni, sehemu ya karo ya mwaka wa kwanza, kwa kila mwanafunzi anayeingia. Chuo cha umma cha Ujerumani kisichotoza karo kitatoa kamisheni kutoka kwenye nini? Kwa hivyo hakimo kwenye orodha. Orodha ile haikuwa ya vyuo vinavyomfaa mtoto wangu. Ilikuwa ya vyuo vyenye mkataba na ofisi. Sina ugomvi na biashara, hata muuza sare za shule alikuwa na asilimia yake na mwalimu mkuu mmoja ninayemjua. Ugomvi wangu ni kwamba mimi pia nilitozwa. Ukilipwa na muuzaji, usimtoze mnunuzi kwa jina la ushauri.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo nilipokasirika kweli. Chuo walichotupendekezea Uingereza kilitoa barua ya udahili haraka, siku tisa tu, na nakiri tulifurahi, tukapika kuku. Karo pauni 14,500. Kijana akasema tutume amana ya pauni 4,000 kabla ya Ijumaa kwa sababu nafasi zinakwisha, "na hayo mengine yatajipanga." Nikarudi nyumbani nikayapanga mwenyewe kwenye karatasi. Masharti ya serikali ya Uingereza yako wazi kwenye tovuti yao: nje ya London, wakati ule, uonyeshe pauni 1,136 za kujikimu kwa kila mwezi, hadi miezi tisa, ambayo ni pauni 10,224, na pesa hizo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Ada ya viza wakati ule pauni 490. Ada ya huduma ya afya pauni 776 kwa mwaka. Weka na karo, unafika pauni 25,990. Kwa pauni ya shilingi 160 hivi ya siku zile, ni zaidi ya shilingi milioni 4.1, na bado hujanunua tiketi, koti wala kipimo cha kifua kikuu ambacho Mkenya lazima apimwe.

Milioni nne. Na mtu alikuwa ameniambia yatajipanga.

Niliporudi na karatasi yangu, kijana hakubabaika. Akainama kidogo, akasema kuna watu wanaoweza "kuweka" pesa kwenye akaunti yetu kwa hizo siku 28, halafu wanazichukua, na riba yake si mbaya. Nilimwangalia hadi akageuza macho. Mwanangu, nilimwambia, nimekagua vitabu vya fedha tangu hujazaliwa. Ukinaswa na Uingereza kwa udanganyifu kwenye ombi la viza, unaweza kufungiwa mlango miaka kumi. Atakayefungiwa si ofisi yenye feni, ni binti yangu.

Kuna jambo jingine dogo lakini lilimkera binti yangu kuliko hata pesa. Kwenye ile 15,000 ya kufungua faili kulikuwa na kazi ya kumwandikia barua ya kueleza nia yake ya kusoma. Barua ikaja. Nzuri, Kiingereza kimenyooka, maneno ya kung'aa. Aya ya tatu ikasema kwamba tangu utotoni ameipenda sana kazi ya uuguzi. Uuguzi! Walikuwa wamechukua barua ya mtoto wa mtu mwingine wakabadilisha jina juu na chini, katikati wakasahau. Tulicheka tukiwa kwenye bodaboda mpaka dereva akauliza kuna nini. Usiku ule hakucheka tena. Alisema, "Baba, huyo mwingine naye barua yake ilikuwa ya nani?"

Uthibitishaji wa vyeti, risiti ya tatu, siwezi kuupita. Shilingi 8,000. Ngazi zile zile, ghorofa moja chini yao, kuna wakili anayegonga muhuri kwa shilingi 300 kwa ukurasa. Tulikuwa na kurasa saba.

Basi Machi tukaacha, tukaanza wenyewe mezani, Migosi, kwa kompyuta ya kukopa ya mpwa wangu na bando za intaneti. Hii nayo naitathmini, maana ni huduma kama nyingine, tofauti ni kwamba mhudumu ni wewe.

DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, lina orodha kubwa mtandaoni ya kozi, unachagua lugha, kiwango na karo. Binti yangu akachagua uzamili, Kiingereza, bila karo, akaandika maji. Zikaja nyingi kuliko nilivyotarajia. Ile habari ya "lazima Kijerumani" ni kweli kwa shahada nyingi za kwanza, lakini kwenye uzamili kozi za Kiingereza zipo tele. Tukaacha vyuo vya jimbo la Baden-Württemberg, ambavyo tangu 2017 hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Tukabakiza vyuo vinne, ambavyo vyote hupokea maombi kupitia uni-assist, ofisi inayokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo. Ada yao ni euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata muhula huo huo. Kwa vinne ni euro 165, kama shilingi 24,000 wakati ule, tulizolipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay tukiwa tumekaa pale pale mezani. Wakatuma risiti yenye maelezo. Nikaichapisha, nikaibandika kwenye daftari karibu na ile ya sahihi ya mdudu ili zitazamane.

Vyeti vyetu havikuhitaji tafsiri kwa sababu viko kwa Kiingereza. Ile ofisi ya ghorofani ilikuwa imeshaanza kututajia bei ya kuvitafsiri.

Sasa, usidhani njia hii ni mteremko. Kwanza hakuna wa kumuuliza usiku wa manane ukurasa unapokataa faili lako kwa kuwa ni zito mno. Pili, lugha ya Wajerumani ya alama ilinitoa jasho. Kwao 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya kuponea. Binti yangu alikuwa na wastani wa 66 Maseno. Akapiga hesabu ya kanuni yao, akaniambia amepata 2.7. Mimi niliyesajili watoto wa KCSE miaka yote hiyo nikafikiri tumekwisha. Nikanyamaza mpaka baada ya chakula. Kumbe 2.7 inamfikisha mlangoni kwa vyuo vitatu kati ya vinne, maana kile cha nne kilitaka 2.5. Tungelijua mapema tungeokoa euro 30.

Ile barua aliandika upya. Aliweka gugumaji, akaweka wavuvi wa Dunga wanaosukuma boti kwa miti, akaweka na kazi aliyofanya ya kupima maji ya mto Kisat unaopita katikati ya viwanda na kuingia ziwani. Nilimsomea makosa ya herufi tu. Chuo kimoja kilimwandikia kwa jina lake kumuuliza swali kuhusu vipimo hivyo. Ofisi yenye feni ilikuwa haijui hata jina la mto.

Nipenyeze jambo hapa, kwa wale ambao watoto wao bado wako chuoni. Mwanafunzi mwenzake binti yangu alienda Ulaya muhula mzima akiwa mwaka wa tatu, akarudi, akahitimu nao siku moja. Hakuwa tajiri. Alikwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi: chuo cha hapa na cha kule vina mkataba, mwanafunzi anabaki ameandikishwa kwao, analipa karo ya nyumbani tu, na masomo anayofanya kule yanahesabiwa huku kama yalikubaliwa kwa maandishi kabla ya kuondoka. Ukiwa chini ya Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya, kuna na posho ya kujikimu na mchango wa nauli. Mlango wa ofisi inayoshughulikia mambo hayo binti yangu aliupita miaka minne akienda maktaba. Akidhani ni ya wageni. Mpango ule ni wa aliye bado mwanafunzi, ukishavaa joho umepitwa. Nimemwambia kijana wa jirani aliye Chuo Kikuu cha Masinde Muliro agonge mlango wa aina hiyo kwao kabla hajagonga wa ajenti yeyote.

Na wenye mtoto wa Form Four, msinipigie simu kuhusu Ujerumani kama wanavyofanya nyumba kwa nyumba hapa mtaani. Cheti cha KCSE peke yake kwa kawaida hakimwingizi mtu moja kwa moja shahada ya kwanza kule. Kuna mwaka wa maandalizi, Studienkolleg, na mtihani wake, na mara nyingi hapo ndipo Kijerumani kinapodaiwa kweli. Sisi tulipita kwa sababu ya shahada ya Maseno.

Barua ya udahili ilikuja Julai. Chuo kimoja kati ya vinne, na ndicho alichokitaka. Hapo ndipo mlima ulipoanza. Karo hakuna, kuna mchango wa muhula wa euro mia mbili na kitu. Lakini viza ilitaka akaunti ya kufungiwa pesa: euro 11,904, wewe mwenyewe unaziweka, kisha ukifika unapewa 992 kila mwezi. Si ada, ni pesa yake, ataila. Lakini lazima iwepo yote siku moja. Januari tulipokuwa tunakaa kwenye viti laini, euro ilikuwa kama shilingi 134. Julai imevuka 150. Tofauti hiyo peke yake kwenye akaunti ile ni karibu shilingi 190,000. Miezi miwili ile ya ghorofani ilinigharimu zaidi ya zile risiti nne, na hilo siwezi kumdai mtu.

Mtu ataniuliza milioni 1.8 nilitoa wapi. Akiba yake ya miaka miwili, sehemu ya mafao yangu, na mkopo wa Sacco ulioniacha nikiwatembelea wadhamini watatu kama mchumba. Mashemeji wa Mbale walichangia. Ng'ombe mmoja pia, ambaye mama watoto hapendi nimtaje.

Alienda Nairobi kwa basi la usiku kwa ajili ya viza, ubalozi uko Riverside Drive, akarudi usiku uliofuata. Wakamwuliza kwa nini kozi hii na kwa nini sasa. Hakuwa na la kukariri. Viza ilitoka Septemba, wiki mbili kabla ya masomo, ada euro 75. Ile "viza hawapeani" niliitafuta kwenye daftari langu nikaiwekea alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, tabia ya kazi.

Yuko huko sasa. Anafanya kazi ya saa chache kwenye maabara ya chuo, sheria inamruhusu siku 140 kamili kwa mwaka au nusu-siku 280, na analalamika kwamba mkate wao ni mgumu kama tofali la Kakamega.

Je, ofisi ile inamfaa mtu? Inamfaa. Mzazi mwenye milioni nne mkononi, asiye na muda, anayetaka Uingereza na hajali ni chuo gani, atapokelewa vizuri na barua atapata haraka kweli. Ile haraka sikuitarajia, na nyota ya pili ni yake. Aombe tu orodha ya gharama zote kwa maandishi siku ya kwanza, asome barua anayoandikiwa mtoto mstari kwa mstari, na akisikia habari ya pesa za kuazima siku 28 ainuke.

Kuhusu ile 15,000 ya faili: fomu niliyotia sahihi inasema nusu inarudishwa mteja akijiondoa kabla ya kulipa amana. Amana hatukulipa. Nimepanda zile ngazi mara tatu, ya mwisho ikiwa Jumanne iliyopita. Msichana wa mapokezi bado ni mwungwana, alinipa maji. Kijana wa tai nyekundu ameacha kazi, faili "linatafutwa", na meneja yuko Nairobi hadi mwisho wa mwezi. Shilingi 7,500. Nitarudi tarehe mbili, na risiti ninayo.